Sikio la Kataki

Mimi sijisifu. Watu njo wananisifu, na mimi sipendi kubishana na watu. Mwaka ule wa sabini na tano, diski mupya ikifika Kalemie, iwe imekuja na treni ya Lubumbashi ao imevuka ziwa kutoka Kigoma, hakuna muntu wa Kataki, mutaa wetu, aliyethubutu kusema ni nzuri kabla mimi sijasema. Kazi yangu ilikuwa bandarini, kuhesabu mizigo inayoshuka kwenye meli, na pale nilijuana na mabaharia wa Kigoma walioniletea diski katikati ya magunia ya chumvi. Kwenye biro waliniita Citoyen Kalunga, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyakataza. Mutaani nilibaki Papa Adalbert. Nyuma ya mugongo wangu waliniita Sikio. Nilijua, na nilifurahi sana.

Kila siku ya Mungu, kisha misa ya pili, tulikuwa tunapima diski kwa Mama Bertille, mwenye bar nyuma ya soko. Kanuni niliiweka mimi. Diski inapigwa mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kunywa. Mara ya pili hakuna kuongea, hata mutoto akilia mama yake anatoka naye inje. Mara ya tatu, nikivua kofia, watu wanacheza. Nikiiacha kichwani, diski inarudi ndani ya karatasi yake na Mama Bertille anafungua bia bila kusema na muntu.

Niliacha kofia kichwani kwa diski za watu wakubwa wa Kinshasa, na sikuogopa. Kulikuwa moja yenye gitari ine zinazosema kwa pamoja kama wake wenza kwenye jiko moja. Nilisema hapana. Ingine, ya Dar es Salaam, ilikuwa na tarumbeta tatu, na mbili zilikaa kimya zikingojea ya tatu imalize maneno yake. Muziki wenye adabu! Siku ile nilivua kofia kabla ya mara ya tatu, nikavunja kanuni yangu mwenyewe, na hakuna aliyenikumbusha.

Fono ya kupigia diski ilikuwa yangu, na niliibeba mwenyewe mpaka bar. Niliipata kwa misionere mumoja Mwamerika aliyekuwa anarudi kwao: sanduku la mbao, zito, pamoja na transfo yake ya chuma. Fono zingine za mutaa zilikula mawe ya betri, na mawe yakichoka muimbaji alianza kulewa katikati ya wimbo. Yangu ilitembea na umeme. Sauti moja tangu asubuhi mpaka mangaribi, nzito, ya kutulia. Na muntu akiniambia kwamba radio inapiga wimbo uleule mbio zaidi na kwa sauti ya juu, nilikuwa na jibu. Radio wanakimbiza nyimbo, nilisema, kwa sauti ndogo maana ukuta una masikio. Wana hotuba nyingi za kusoma. Nyimbo zote wataziweka wapi? Lazima wazikimbize zienee.

Katekista François alibisha. Nilimufukuza bar, yeye na Fanta yake. Tangu siku ile Kataki yote ilijua kwamba radio inakimbiza, na wageni wa Lubumbashi wakicheka namna tunavyocheza polepole, tuliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Sasa, tulikuwa na orkesta yetu, Mawimbi. Mukubwa wao alikuwa Grégoire, mupiga gitari solo, mekanisyen kwenye kiwanda cha nguo. Muimbaji alikuwa Mado, ambaye asubuhi aliuza ndakala, wale samaki wadogo, sokoni na mangaribi aliimba kwa sauti nzito kuliko ya wanaume wengi. Nyimbo mupya walijifunza kwangu, kwenye fono yangu. Grégoire alishusha nyuzi za gitari mpaka zilingane nayo, kisha bendi nzima ikamufuata. Diski ya Lubumbashi ikipita kwenye mikono ya Mawimbi ilitoka nzuri kuliko ilivyoingia. Nilisema hivyo kwa kila muntu, na sikulipwa.

Mwezi wa nane barua ilifika. Bwana mumoja wa studio ya Lubumbashi, Papa Élisée, alikuwa anapanda na treni kusikiliza orkesta za huku kwetu: moja Kabalo, moja Kongolo, moja Kalemie. Atachukua moja tu, aende nayo Lubumbashi kutoa diski. Kila orkesta ingepiga nyimbo mbili, moja yao wenyewe, na moja ileile kwa wote, ili apate kuwalinganisha. Diski ya huo wimbo wa mutihani ilikuwa ndani ya barua, imefungwa kwa makaratasi kama yai.

Grégoire alisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Alikuwa na miaka thelathini na saba, watoto sita, na kumi na mumoja ya miaka ile aliipitisha akingojea barua ya namna hii.

"Papa Adalbert," aliniambia, "nikikosa hii, gitari namupa shemeji. Sitashika tena."

"Utakosa namna gani?" nilisema. "Mwalimu wako ni nani?"

Wiki tatu walijifunza wimbo ule kwangu, kwenye uwanja, mpaka kuku wangu waliuzoea.

Siku ya tano ya wiki ya mwisho, siku mbili kabla ya Papa Élisée kufika, Barthélemy alikuja kunywa chai. Huyu ni fundi umeme wa meli, muntu wa kimya, mikono yake inanuka mafuta siku zote. Hakuwa ameona fono yangu. Nikamuwekea diski ya mutihani, nikamueleza pa kusikiliza. Hakusikiliza hata kidogo. Muntu gani huyu! Aliinama nyuma ya sanduku, akafuta vumbi kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa pale.

"Papa Adalbert, hapa wameandika sitini."

"Sitini ya nini?"

"Ya mapigo ya umeme wa Amerika, kwa sekunde moja. Wetu ni hamsini. Transfo inapunguza nguvu, lakini hiyo haibadilishi. Na mota ya namna hii inafuata umeme. Kwetu itatembea pole siku zote."

"Pole namna gani?"

"Pa kuzunguka mara sita, inazunguka tano." Akakunywa chai. "Diski imeandikwa arubaini na tano. Ni mara ngapi inazunguka kwa dakika. Uhesabu mwenyewe."

Nilimwambia chai ya watu wanaotukana vitu vya watu imekwisha. Akaondoka, na hakukasirika, jambo lililoniudhi zaidi.

Nilikaa. Nikasimama. Kisha nikamwita muke wangu Henriette, nikamupa saa yangu ya mukono, nikabandika kikaratasi kwenye ukingo wa diski. Mimi nahesabu mizigo ya meli tangu ujana. Hakuna gunia lililonipita. Nilihesabu kikaratasi kikipita, dakika nzima. Thelathini na saba.

"Na nusu," Henriette akasema. "Usisahau nusu."

Tulirudia mara ine. Thelathini na saba na nusu, kila mara. Henriette alicheka mpaka akafuta machozi na kitenge. "Sikio halipiti kichwa, Papa Adalbert! Miaka mine unafukuza watu kwa Mama Bertille!" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Niliona haya. Niseme wazi: sikumuwaza Grégoire kwanza. Nilimuwaza katekista François, namna atakavyotabasamu na meno yake yale madogo. Grégoire alikuja wa pili, na alipokuja, nilimusahau katekista. Kila kitu alichojua yule muntu juu ya muziki mupya alikipata kwenye sanduku langu. Mutihani wa maisha yake ulikuwa kesho kutwa, na mimi nilikuwa nimemufundisha kosa.

"Utawaambia kesho," Henriette alisema.

"Nitawaambia kisha siku ya Mungu."

"Adalbert, muficha uchi hazai. Watapiga wimbo wa watu kama muntu mwenye mwiba muguuni, mbele ya yule bwana, na wewe utakuwa umekaa pale na kofia yako. Ukinyamaza, nitawaambia mimi."

Na Henriette akisema atasema, anasema.

Kesho yake, siku ya posho, nilikwenda kwa Grégoire mapema. Mawimbi wote walikuwa uwanjani, wanafunga ngozi za ngoma. Sikuketi. Nilisema yote kwa pumzi moja: misionere, kibati, sitini, hamsini, thelathini na saba na nusu. Nilisema wimbo wanaujua vibaya, na wimbo wa mbele ya huo, na zote za miaka mine, na kwamba kosa si lao.

Hakuna aliyeshangaa. Mupiga ngoma alitazama chini. Mado alianza kukuna shingo. Grégoire alikuwa anakaza uzi mumoja wa gitari, na hakuuacha.

"Tunajua, Papa," akasema.

"Munajua nini?"

"Mwaka jana nilikwenda Kongolo kwa matanga ya kaka ya muke wangu. Mwalimu mumoja pale ana fono muzuri. Alipiga diski tatu tulizokuwa tumejifunza kwako. Nilifikiri fono yake ni mugonjwa. Kisha nikasikia kwa muntu mwingine, na wa tatu. Niliporudi niliwaambia hawa."

Damu ilinipanda. "Mwaka muzima munanicheka!"

"Hatukucheka," Mado akasema. "Mara moja tu. Siku uliyomuambia baharia wa Kigoma kwamba hata wao radio yao inakimbiza."

"Na hamukuniambia kwa nini?"

"Nani angekuambia?" Grégoire akauliza, bila ubaya. "Katekista alikuambia." Akaweka gitari kwenye magoti. "Sikiliza, Papa. Tulijaribu kupiga mbio, wakati uko bandarini. Tulijifunza zote upya. Zinatoka vizuri, hata kesho tunaweza. Lakini kila mara tukimaliza, muntu mumoja anasema: sasa tupige ile ya Papa Adalbert. Tukarudia yako."

Nilivua kofia, na hakuna diski iliyopigwa. Mimi! Mado mwenyewe alinitazama kuona kama ninaumwa.

"Sasa wewe pia umejua," Grégoire aliendelea. "Basi tuambie. Kesho tupige namna gani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi niliyewapoteza?"

"Sisi tunapiga, hatuwezi kukaa inje tujisikie. Wewe ukisema mbio, ni mbio."

Nikaketi. Nikawaambia wapige zote mbili.

Walianza na ya mbio, vile diski inavyotaka kweli. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli hata kama inaniuma. Ngoma zilishika, gitari ilirukaruka vizuri, na Mado alipofika pale juu alisimama kwenye vidole vya miguu lakini alifika. Papa Élisée asingeona kosa. Ingekuwa kama muntu aliyevaa koti la ndugu yake, na linamutosha.

Kisha wakapiga yetu. Ni wimbo niliousikia wiki tatu kwenye uwanja wangu, lakini nilikuwa nausikia kwa kiburi. Siku ile niliusikia kwa woga, na woga unafungua masikio. Sauti ya Mado ilitoka chini, kwenye tumbo, ikakaa. Kati ya swali la gitari na jibu lake kulikuwa nafasi, na ndani ya nafasi ile Grégoire aliweka noti tatu ndogo. Nikamusimamisha.

"Hizo tatu umezitoa wapi?"

"Zipi?"

"Hizo ulizopiga sasa. Hazimo kwenye diski."

Alifikiri. "Sijui. Kulikuwa nafasi, nikaziweka. Tangu zamani naziweka."

Miaka yote nilidhani zimo kwenye diski! Na nafasi ile haikuwamo kwenye diski ya muntu yeyote, wala Lubumbashi wala Kinshasa. Mimi niliyesumbua mabaharia waniletee muziki mupya, niliyefungua magunia ya chumvi kama mwizi, muziki mupya kuliko yote ulikuwa kwenye uwanja wa Grégoire, na sikuusikia. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga makofi. Sikufanya hata kimoja.

Lakini nilikuwa na woga. Kosa la kwanza nililifanya bila kujua. Nikikosea sasa, nitakuwa nimekosea macho wazi, na Grégoire atampa shemeji gitari kwa sababu ya mudomo wangu. Walikuwa wananingojea wote. Mupiga ngoma aliacha fimbo hewani.

"Yetu," nilisema. "Pigeni yetu. Na zile tatu usizisahau."

Siku ya Mungu, bar ya Mama Bertille ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ukuta. Papa Élisée alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, suti ya abakosti safi, kikarne cha kuandikia kwenye goti. Alikuwa ametoka kusikiliza Kongolo, na watu walisema alitoka pale akitabasamu. Mawimbi walianza na wimbo wa mutihani. Mado aliimba ubeti wa kwanza. Papa Élisée alitazama kalamu yake, akatazama saa yake, kisha akainua mukono.

"Samahani, samahani. Muache kidogo." Muziki ukakatika. "Diski niliyotuma muliipata? Wimbo huu hautembei hivi. Kongolo wameupiga vile ulivyo."

"Ni radio wanakimbiza!" muntu mumoja akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakamuunga mukono. "Radio! Wanakimbiza!"

Papa Élisée hakuelewa kitu. Grégoire alinigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umepauka, na vidole vyake vilibaki juu ya nyuzi. Kwenye mulango niliona katekista François, amesimama na Fanta.

Nikasimama.

"Radio haikimbizi kitu," nilisema. "Ni fono yangu inayochelewa. Mota yake ni ya Amerika. Miaka mine nimewadanganya ninyi wote, na nimewafundisha hawa vibaya, na nimemufukuza muntu aliyesema kweli. Katekista, nisamehe. Na Fanta ile nisamehe."

Kisha Mama Bertille akapiga kelele ya kucheka, akaketi juu ya kasha la bia, na bar yote ikamufuata. Walicheka, watu wale! Wazee waliowafundisha watoto wao kwamba radio inakimbiza walishikana mabega. François alijipiga ishara ya musalaba huku anacheka. Nilibaki nimesimama katikati, jasho linanitoka, na nilingoja wamalize kwa sababu sikuwa nimemaliza.

"Bwana," nikamuambia Papa Élisée, "hawa wanaweza kuupiga kama Kongolo. Sasa hivi, ukitaka. Jana niliwasikiliza namna zote mbili, na mimi njo niliyewaambia wapige hivi. Kama ni kosa, liandike kwangu, usiliandike kwenye jina la Grégoire. Lakini uusikie mpaka mwisho. Hujasikia pale penyewe."

Papa Élisée alifunga kikarne chake. Kisha akaweka kalamu sikioni.

"Waendelee," akasema.

Wakaanza upya. Ubeti wa pili ulipoingia watu walikuwa wamesimama, walewale waliokuwa wananicheka, na wanacheza vile tunavyocheza sisi, mabega yametulia, muguu unangoja. Papa Élisée alijaribu kufuata kwa kiatu chake. Kiatu kilifika kila mara kabla ya ngoma. Mama Bertille akamuona, akamushika mukono bila kumuuliza, akamuingiza katikati, akamufundisha kungoja. Grégoire akafika pale penye nafasi na akaweka noti zake tatu. Papa Élisée akasimama na muguu mumoja juu, kama kuku aliyesikia kitu. "Ehe!" akasema. Nilimusikia mimi, kwa masikio yangu.

Kisha walipiga wimbo wao wenyewe, na aliucheza wote, na abakosti ililowa mugongoni. Alipoketi aliomba maji, akafungua kikarne.

"Kongolo watanikasirikia," akasema. "Lakini ile ya mbio ninayo nyumbani. Mimi nilikuja kutafuta nisiyokuwa nayo. Treni ni kesho kutwa. Nipeni majina ya watakaopanda, na chombo cha kila muntu."

Mado alipiga kigelegele kimoja, kisha akajifunika uso. Grégoire aliiweka gitari chini, akaiokota tena, akaanza kutaja majina polepole: yeye mwenyewe, solo. Mado, sauti. Wa bezi, wa ngoma, wa pili wa gitari. Papa Élisée aliandika wote. Nikavuta kiti changu nyuma ili wapate nafasi ya kupongezana, maana yale hayakuwa yangu tena.

"Weka na Papa Adalbert," Grégoire akasema.

Papa Élisée akageuka. "Huyu muzee? Anapiga chombo gani?"

"Hapigi kitu," Grégoire akajibu. "Huyu anasikia. Bila yeye hatupandi treni."

Papa Élisée alingoja kuona kama ni muchezo. Hakuna aliyecheka. Basi akainamia kikarne, akaandika hivyohivyo.